Bomba Huonjwa na Mwenye Shamba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ukungu ulikuwa umelala juu ya mibuni, hata ukimwita mwenzako unasikia sauti tu, yeye humwoni. Maua ya mwisho ya kahawa yalikuwa yanapukutika. Harufu yake ilinilevya, nikawa natembea na ndoo ya maji kichwani sijui nakanyaga ardhi au mawingu. Chini kabisa, ukungu ulipopasuka kidogo, Ziwa Nyasa lilimeta, kisha likafichwa tena. Uzee umeninyang'anya mengi, lakini asubuhi ile bado ninayo.

Nilikuwa msichana, kibarua wa kuteka maji ya kuchanganyia dawa ya wadudu. Kaka yangu Ditram ndiye aliyebeba bomba mgongoni akipuliza. Shamba lilikuwa la Otmar, kijana aliyerithi mibuni ya baba yake akajiona mkubwa kabla ndevu hazijakaza. Ditram alimwambia mbele yangu, "Bosi, bomba linavuja. Mgongo wote umelowa."

"Kaza mfuniko, twende," Otmar akajibu. "Mvua itatukuta."

Ditram akaingia kwenye ukungu. Nilisikia bomba likipumua, tsii, tsii, likienda mbali. Kisha kimya. Nikadhani anapumzika. Nilipomfuata nilimkuta kalala chini ya mbuni, mate yanamtoka, mwili unatetemeka, macho yananitazama yasinione. Ee Mama Maria! Nilipiga yowe, ndoo ikaniponyoka. Wanaume walimbeba kwa machela hadi zahanati, na mimi nyuma yao nikimwomba Mungu asiniachie kitanda kitupu nyumbani.

Mungu alisikia, Ditram akapona. Lakini mikono yake haikutulia tena. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga ngoma ya kwaya kanisani, na hakuipiga tena. Hata leo ukimpelekea babu yako Ditram chai unamjazia nusu kikombe, na hujawahi kuuliza kwa nini.

Siku zikapita. Otmar akaita watu kwa ngokela, ile kazi yetu ya pamoja ya kuchimba ngoro, mashimo ya kuzuia maji ya mvua yasiubebe udongo wa mlimani, ambayo humalizikia kwenye pombe. Desturi unaijua: mwenye shamba huonja kwanza, wageni waone haina sumu. Otmar akanyoosha mkono apokee kibuyu cha pombe. Mama yake, Gaudensia, mpole wa kufukuza hata kuku kwa kuwabembeleza, akakivuta nyuma.

"Pombe unaionja," akasema. "Na bomba, ulilionja?"

"Mama, ile ilikuwa ajali. Ajali haina kinga."

"Ajali gani hiyo uliyoambiwa mapema, ukasema twende?"

Mama akaagiza bomba lile lile lioshwe vizuri, lijazwe maji matupu, akamvika mwanawe kwa mikono yake. "Haya, panda mlima." Otmar akapanda mbele ya macho yetu, akapotelea kwenye mibuni, tukabaki tunasikia tsii, tsii. Aliposhuka, shati lilikuwa limegandamana na mwili kuanzia mabegani hadi kiunoni. Alikuwa analia, wala hakujificha. Pombe hakuigusa, alikwenda moja kwa moja kwa Ditram akapiga magoti.

Tangu hapo, kila msimu, kabla mtu hajavikwa bomba, Otmar alilijaza maji akalivaa yeye. Likidondosha hata tone, kazi haianzi. Nilimnunia muda mrefu, nisikufiche. Lakini mwanaume anayekubali kulowa ili wenzake warudi wakavu, taratibu akaniingia moyoni. Ndiyo, ndiye babu yako tuliyemzika pale juu. Mbona umeshtuka, ulidhani nasema Otmar mwingine?

Sasa nisikilize. Jana nimekuona ukishusha bomba na dawa kwenye bodaboda, na vibarua umeshawaita. Sikuona viatu vya mvua, wala glavu, wala kitu cha kufunika pua na mdomo. Rudi Mbinga mjini ukanunue, kazi itangoja. Mtu akiingia shambani kwako, mama yake amekukabidhi. Weka maji na sabuni karibu, mtu asile kabla hajanawa. Upepo ukivuma, simamisha. Akiugua, mpeleke hospitali wewe mwenyewe, usingoje ndugu zake. Na akikwambia kitu kimeharibika, mwanangu, usimjibu "twende." Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mikono ya mtu haijengwi upya.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu ninaye, majuto siyataki. Basi kabla hujamvika mtu bomba lile, lijaze maji, livae, upande nalo mlima. Mimi nitakaa hapa mlangoni nikingoja kuliangalia shati lako.

Mungu akupe mvua ya kiasi na matawi yaliyoinama kwa kahawa. Na kila atakayetoka kwao asubuhi kuja kwako, jioni arudi mzima, ashike kikombe kilichojaa.