Wimbo 7:3 wa Mzee Odilo

Odilo wa mtaa wa Ramadhani, pale Njombe mjini, anauza miche ya parachichi na anaandika blogu ya mahubiri. Miche inanunuliwa. Blogu ilianza kwa kusomwa na yeye mwenyewe pamoja na Dafroza wa Makambako, na huyo Dafroza ndiye aliyekuwa sababu ya blogu kuwepo.

Dafroza ni mjane, kiongozi wa kwaya ya kigango, mwanamke asiyebabaishwa na koti zuri wala simu kubwa. Odilo, mgane mwenye binti mmoja, Rosemary, aliligundua hilo mapema akaamua kumnasa kwa Maandiko. Fundi simu akambandikia kwenye blogu kiprogramu kimoja: ukiandika jina la kitabu cha Biblia na tarakimu zake, chenyewe kinageuza maandishi kuwa ya bluu, na msomaji akigusa tu, aya nzima inamrukia usoni. Yohana 3:16, bluu. Zaburi 23:1, bluu. Wasomaji wakaongezeka, wakamuuliza anapata wapi muda wa kuunganisha aya zote hizo. Odilo akashusha kope, kwa unyenyekevu wa mtu aliyejizoeza mbele ya kioo, akasema anaziweka moja moja, kwa mkono, akiwa amefunga. Kufunga kwenyewe kulikuwa kunaanza baada ya ugali.

Dafroza akalainika. Kaka yake Lameki, mwenye gesti karibu na njia panda ya Makambako, akaanza kumwita Odilo shemeji hata kabla ya barua. Ikapangwa kwamba Jumapili ya sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, kabla ya misa, posa ipokelewe.

Siku hiyo kwaya ya Njombe ilikuwa iimbe pamoja na ya Makambako, kwa hiyo Dafroza akamwomba Odilo atangaze nyimbo kwenye blogu, kila mtu afanye mazoezi kwake. Wanakwaya wana mtindo wao: wimbo namba saba, ubeti wa tatu, wao huandika 7:3. Odilo akaandika kama alivyosomewa: "Wimbo 7:3, Dafroza peke yake, polepole. Wimbo 8:8, akina mama wote. Wimbo 5:1, wanaume, kwa nguvu."

Sasa, kiprogramu hakijawahi kuimba kwaya. Kinajua Wimbo mmoja tu, ule Ulio Bora. Kikapaka bluu pote patatu. Watu wakagusa 7:3 wakitegemea wimbo wa Bikira Maria, wakakutana na matiti mawili yaliyofananishwa na mapacha wa paa. Akina mama wote wakapewa habari za dada mdogo ambaye bado hajaota kitu kifuani. Wanaume wakahimizwa kula na kunywa sana, jambo ambalo, kusema kweli, waimba besi hawakulilalamikia.

Jumapili Odilo alishuka Makambako na koti lake, hana habari, maana linki zake mwenyewe hajawahi kuzigusa. Za nini, na yeye ndiye mjuzi? Lameki alimpokea sebuleni kwake. Salamu ya mgeni, "Kamwene", aliijibu kwa pua, akamwekea simu mezani.

"Mzee Odilo," akasema, na shemeji ikawa imekufa hapo hapo, "maneno haya yamefikaje kwa dada yangu?"

Odilo akasoma. Upepo wote ule wa Makambako, na bado jasho likamtoka. Jibu lilikuwepo, fupi na la kweli: ni mashine, na mashine haina akili. Ila sebuleni walikuwa wamekaa katekista na wazee wa kigango, nao wote walikuwa wanamwita Mwalimu. Akisema ni mashine, ualimu umekwisha. Akisema ni yeye, mke hana.

Dafroza, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, akajaribu kumwokoa.

"Baba Rosemary, si simu tu imekosea hapo? Sema imekosea, chai inapoa."

Odilo akawatazama wazee. Akakohoa.

"Kila aya naiweka kwa mkono wangu," akasema. "Hata hiyo. Roho ndiye aliyeniongoza."

Katekista akatazama dari. Dafroza akakichukua kikombe kilichokuwa tayari mbele ya Odilo, akakirudisha kwenye sinia.

"Basi akuoe huyo aliyekuongoza."

Odilo alirudi Njombe, na kesho yake akaandika mahubiri marefu kuhusu manabii wanaokataliwa, yamejaa bluu kama sare za shule. Maoni yaliyoachwa chini ni ya mtu mmoja tu, Lameki: "Na hizi nazo ni za mkono, Mwalimu?"