Maji Yasiyokuwepo Bombani

Mkuu wa karakana yetu pale Mtwara alikichukua kifaa changu wiki niliyokwenda kumzika mama mdogo.

Kilikuwa kifaa cha kupima maji yanayopita bombani. Nilikiunda kwa vipuri rahisi: gurudumu dogo la plastiki lenye sumaku, linalozungushwa na maji, na saketi inayohesabu kila mzunguko. Tatizo lilikuwa injini ya pampu. Cheche zake ziliingia kwenye waya, na kifaa kikazihesabu nazo kama maji. Nilihangaika miezi mingi hadi nikaandika programu ya kuchuja: pigo lolote la umeme linalokuja upesi kuliko gurudumu linavyoweza kuzunguka, litupwe.

Saketi yenye mchujo ilikuwa nyumbani kwangu, mtaa wa Shangani. Niliyoiacha kwenye droo kazini ilikuwa ya zamani. Niliporudi kutoka msibani nikaikuta ndani ya kasha jipya, limeandikwa jina la mkuu.

“Bosi, hiki ni changu.”

“Karakana ni moja,” alisema bila kuniangalia. “Alhamisi tunakwenda Kitaya kuwaonyesha wafadhili. Wewe utashika waya.”

Ningeweza kumwambia habari za mchujo. Sikumwambia.

Kitaya, kando ya mto Ruvuma, wakulima walikuwa wamekusanyika na wageni wamekalishwa kivulini. Pampu ikawashwa, namba zikapanda, watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mama mtu mzima, akauliza, “Na maji yakikatika?”

Niliinama nikafunga koki mwenyewe. Maji yakakoma kutoka. Injini ikaendelea kunguruma, na namba zikaendelea kupanda.

“Baba, hayo maji yanayohesabiwa yako wapi?” mama akauliza.

Watu wakacheka. Bosi akaniinamia sikioni. “Rekebisha.”

“Mimi nimeshika waya tu, bosi.”

Nilisikia raha mpaka kwenye ncha za vidole. Njia nzima ya kurudi nilikaa nyuma yake nikitafuna korosho moja moja, taratibu, ili azisikie.

Wiki iliyofuata nilirudi Kitaya peke yangu na kifaa kingine chenye saketi yangu ya mchujo. Mama mwenyekiti alifunga koki, namba zikasimama. Akafungua, zikaenda. Alirudia mara tatu, kisha akanigeukia.

“Siku ile ulijua?”

“Nilijua, mama.”

“Wale wageni walituahidi mabomba. Hawajapiga simu tangu siku ile.”

Sikuwa nimewafikiria wakulima hata kidogo. Nilimwomba radhi, naye hakusema amenisamehe. Alisema tu, “Haya, kifunge. Jua linapanda.” Nilikifunga, na mpaka leo wanagawana maji ya mashamba yao kwa namba zake.

Bosi bado ni bosi. Mara mbili ameniuliza ule mchujo unafanyaje kazi. Mara zote mbili nimemwambia nina shughuli.