Maji ya Majivu

Kuna siku moja ya Juba ambayo haijanitoka, mwanangu, mwaka wa pili tangu turudi kutoka Uganda. Nilimkuta bibi yangu, tuliyemwita Habuba, ameinama nje ya tukuli letu, nyumba ya udongo na nyasi, mtaani Hai Malakal, akikohoa mpaka machozi yanamtoka. Nilijua kinachomkohoza. Nilikuwa nimenyamaza wiki tatu.

Nilikuwa kijana wa kujifundisha mwenyewe. Kitabu kimoja kilichochanika kilisema umeme unaweza kuyagawa maji yakawa gesi mbili, na moja, haidrojeni, huwaka. Nikatafuta chupa ya mdomo mpana, vijiti vyeusi vya ndani ya betri za tochi, na betri ya lori. Ukurasa wa kueleza cha kutia ndani ya maji haukuwepo, nikatia chumvi. Mapovu yalipanda, lakini kijiti kimoja kilitoa harufu ya kuchoma koo. Baadaye nilijua ni klorini, sumu, imetoka kwenye ile chumvi. Nikaosha, nikabadilisha vijiti, nikaanza upya, sijui mara ngapi. Mlango niliufunga, majirani wasione kitu ambacho hakijakamilika. Na Habuba alikuwa akilala humo humo.

Siku hiyo nilimwambia ukweli. Hakupaza sauti.

"Wewe nasikia mimi nakohoa, na wewe iko kimya? Aibu yako kubwa kuliko kifua yangu?"

Nikaenda nikaufungua mlango.

Akauliza nimetia nini. Chumvi, nikasema.

"Chumvi ya duka! Sasa kombo iko ya nini?"

Kombo ni maji aliyochuja kwenye majivu, ya kupikia majani ya kunde. Tulitoa chombo uani, nikamwaga maji ya chumvi, nikatia kombo. Mapovu yakaja bila ile harufu. Nikakinga gesi kwa kichupa cha dawa ya sindano, nikasogeza kiberiti, ikalia pu. Habuba akaruka, kisha akauliza kama hiyo pu ndogo ndiyo aliyoikoholea wiki tatu.

Alipona, ila kila msimu wa vumbi kifua kilimrudia, nami nikainamisha kichwa.

Mwanangu, nimekuona unavyofuta na kuandika upya. Kazi ikikosea, itoe nje ingali na aibu yake. Muulize hata anayechuja majivu. Na ukisikia mtu anakohoa kwa ajili yako, fungua mlango kwanza, mengine baadaye. Mungu akujalie mikono mizuri, na asikukoseshe mtu wa kukuuliza unafanya nini humo ndani.