Papa Arudi

Kwetu hatuombi kimya. Mama yangu alinifundisha hivyo huko Kivu ya Kusini, Kongo: piga magoti, fumba macho, sema jambo lako kwa sauti, maana anayenong'ona mbele ya Mungu ana kitu anaficha. Hapa Uganda, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nilimfundisha binti yangu vilevile, kila jioni kabla ya kula. Alianza kwa kumwombea kuku wetu mgonjwa. Kisha akamwombea papa yake, mume wangu, aliyekwenda mjini Mbarara kutafuta kazi ya ujenzi. "Papa arudi." Mama anayeongoza kikundi chetu cha maombi alimsimamisha mbele ya kanisa, watu wakalia. Nami, mjinga, nikajivuna.

Simu ya mume wangu ilipoacha kupatikana, nilimwacha mtoto kwa jirani nikaenda kumtafuta. Nilimkuta Mbarara, mtaa wa Ruti, mlangoni pa chumba cha kupanga, anamlisha uji mtoto ambaye si wangu. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo alinisalimu vizuri. Hakujua mimi ni nani.

Sikupiga kelele. Nilimwambia tu mume wangu kwamba binti yake anamwombea kila jioni. Akatazama kikombe cha uji.

"Usimukataze," akasema. "Maombi ya batoto Mungu anasikiaka mbio."

Huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya yetu kanisani. Nilitamani kummwagia ule uji usoni.

Jioni niliporudi, mtoto alipiga magoti kama kawaida. Nikamwambia jambo la papa aliache, tusimsumbue nalo Mungu tena.

"Mungu amechoka?"

"Ni mimi nimechoka."

"Sasa niombe nini?"

Nilimwambia aombee mahindi. Akayaombea haraka haraka, kama mtu anayesoma kibao cha njiani.

Mama wa kikundi alipopata habari, alikuja kuniagiza nifunge kula na kunywa mpaka mume arudi. Eti imani yangu ndiyo imepungua. Nilimjibu kwamba njaa ninayo tayari, sihitaji ya kuagizwa. Akatoka bila kuaga.

Siku hizi binti yangu anaombea mahindi kwa sauti, anasema amina, halafu hainuki. Anabaki magotini, midomo inacheza, sauti hakuna. Mara anafumbua jicho moja kuona kama ninamtazama, nami ninageukia sufuria. Ninajua anaomba nini. Ugali unapoa.