Uwanja wa Saumu haufagiwi

Bado naona kama nimepewa habari za mtu mwingine. Saumu wangu wa Junda, niliyefanya naye kazi miaka yote hii kwenye mradi wa kutunza ardhi, tumemzika jana alasiri.

Alianguka jikoni akikuna nazi. Presha. Hakufika hospitali.

Sijalia. Nimekaa tu, chai imepoa mbele yangu.

Leo asubuhi simu imelia nikadhani ni yeye, maana ndiye hunipigia mapema kuuliza report imefika wapi.

Mliokuwa mkimfuata humu mtandaoni mnamjua kwa jambo moja: hafagii.

Kwetu Pwani mwanamke huamka na ufagio wa chelewa, uwanja ukawa mweupe kabla ya chai, majani yakakusanywa biwi na kuchomwa. Saumu alisema ndivyo tunavyoipoteza ardhi. Mvua ikikuta udongo mtupu huuchukua wote, na nyumba zetu ziko mteremkoni.

Kwake majani ya mwarobaini na mkorosho yalilala palepale yalipoanguka. Upande wa chini wa uwanja alipanda mistari ya nyasi za kuzuia udongo.

Kwenye meeting bosi akianza habari za "awareness", alininong'oneza, "Si aseme tu watu waweke ufagio chini." Nilikuwa naumia mbavu kwa kuzuia kicheko.

Jirani yake, Bi Rukia, alimsema kutoka ng'ambo ya ua. "Saumu, huoni haya? Wageni wakija wakute jaa?"

"Shikamoo Bi Rukia. Udongo nao wataka nguo. Wewe waweza kukaa utupu?"

Alinuniwa wiki nzima.

Masika yaliyopita maji yalichimba nyuma ya jiko la Bi Rukia mpaka msingi ukaonekana. Kwa Saumu hapakukatika kitu. Hakumcheka. Alimpelekea vipando vya nyasi kwenye beseni, na Bi Rukia akaviacha vikakauka.

Jana nilipofika msibani nikakuta uwanja umefagiwa. Mweupe kabisa. Jamaa zake walifanya kwa heshima, wasije waombolezaji wakakanyaga majani. Siwalaumu.

Biwi lilikuwa pembeni, na wifi yake ameshika kiberiti.

Moyo ulikuwa umeingia ganzi tangu asubuhi, lakini pale niliona kama Saumu anakufa tena mbele yangu.

Bi Rukia akainuka kwenye jamvi. "Msichome. Mwenyewe hataki."

Hataki. Kama vile Saumu yuko ndani, anavaa buibui aje kutuamkua.

Wifi mtu akasema, "Lakini Bi Rukia, wewe si ndiye uliyekuwa…"

"Najua niliyokuwa nikisema. Nipisheni."

Akatandaza leso, akajaza majani, akaenda kuyamwaga uwanjani mpaka mteremkoni. Tukamfuata sote, wengine tasbihi ziko mkononi. Wanaume waliporudi kutoka makaburini walitukuta tumeinama tukitandaza majani.

Nikiaga, Bi Rukia alinishika mkono. Akaniuliza taratibu kama zile nyasi bado zapatikana.

Nikamwambia zipo. Jumamosi nitampelekea, inshallah, kwenye beseni lile lile la Saumu.

Mola akulaze pema, Saumu, dada yangu. Lala bila wasiwasi. Uwanja wako umevaa.