Wavulana Wenye Sauti Yangu

Sijawahi kumwona mtu aliyeharibiwa na muziki mzuri kama mwalimu wetu wa kwaya. Kuna walioharibiwa na pombe hapa Guangzhou, na kuna walioharibiwa na kamari ya simu. Yeye aliharibiwa na sidii za kanisa.

Alikuwa mwanafunzi wa udhamini, anasomea shahada ya uzamivu katika mambo ya madaraja, na Jumapili alitufundisha kuimba sisi wafanyabiashara wa kutoka Afrika: wauza nguo, wauza viatu, wauza chaja na spika. Ibada tulifanyia kwenye ukumbi wa hoteli karibu na jengo la Tianxiu. Mazoezi tulifanyia mtaa wa Sanyuanli, ghalani kwa wakala mmoja wa mizigo ambaye pia ndiye alikuwa mzee wetu wa kanisa, katikati ya marobota yanayosubiri kontena. Wanawake tulikuwa wengi kuliko wanaume, na mimi niliongoza sauti ya kwanza. Hakuna aliyenipa cheo hicho. Nikinyamaza mimi, sauti ya kwanza nayo inanyamaza, basi ikawa hivyo.

Kuimba nilifundishwa na mama, nyumbani Njombe, tukiosha vyombo. Mama ana namna yake ya kuifikia noti ya juu. Haikanyagi moja kwa moja. Anaanzia chini yake kidogo, halafu anaivuta taratibu kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Nami navuta hivyohivyo, siwezi kuacha na sitaki kuacha.

Tangu nije China, mama amekuwa akisemwa. Katibu wa umoja wa wanawake usharikani kwao, mama wa heshima zake mwenye ulimi usiolala, alitamka mbele ya watu kwamba wanawake wasio na waume hawaendi China kununua nguo, wanakwenda kuzivua. Watu wakacheka. Mama alikuwepo, ameshika sahani ya sadaka, akaendelea kuishika. Hakunililia kwenye simu. Aliniomba kitu kimoja tu.

"Mwanangu, nitumie video umevaa sare, umesimama unaimba na wenzako. Nitawaonyesha, halafu nitanyamaza."

Nikamwahidi. Kwaya ilikuwa imeshapanga kurekodi albamu yake ya kwanza, sauti na video, kama kwaya yoyote ya kwetu inayojiheshimu. Sare za kitenge tulikuwa tumeshashona.

Ndipo Mwalimu akaokota zile sidii. Alizikuta kwenye kibanda cha vitu vilivyotumika, kasha zima: rekodi za kwaya moja ya kale ya Uingereza, ya kanisa dogo lililo ndani ya chuo, yenye wanaume na wavulana peke yao. Kwenye majalada walisimama wamepangwa kwa kimo, kanzu nyekundu, joho jeupe juu, na shingoni kola za mikunjo kama karatasi za kuokea keki. Mazoezi yaliyofuata hatukuimba hata wimbo mmoja. Alituketisha juu ya marobota, akawasha spika, akafumba macho.

Niseme haki: wale watoto waliimba. Kulikuwa na mmoja aliyepanda peke yake kwenye wimbo wa taratibu, sauti imenyooka na baridi kama maji ya asubuhi kwetu Njombe, mpaka nikashika koo langu mwenyewe. Sina ugomvi nao. Wameimba hivyo karne na karne, kwenye kuta zao za mawe, kwa desturi yao, na sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyemtuma mtu Sanyuanli.

Wiki mbili baadaye Mwalimu alisimama mbele yetu amefumbata mikono.

"Ndugu zangu, nimeliombea sana jambo hili."

Mtu mzima akianza hivyo, ujue ameshaamua. Albamu yetu, akasema, itaimbwa na wanaume na wavulana. Tutakuwa kwaya ya kwanza ya Waafrika kufanya hivyo katika mji huu. Sauti ya mvulana haina dunia ndani yake, akasema, ni safi. Akanitazama. "Wale hawavuti noti, dada. Umesikia? Hawavuti."

"Na sisi?" akauliza mwenzangu muuza viatu, mwanamke wa Mbeya asiyejua kunong'ona.

"Kina mama mtatusaidia kwa chai na pasi."

"Na huko Uingereza, chai anapika nani?"

Mwalimu akafikiri kabisa. "Haijaandikwa kwenye jalada," akasema.

Mzee wa kanisa akaitikia amina. Alikuwa mnene mwenye sauti ya besi nzuri, na siku hiyohiyo akapandishwa kuimba sauti ya pili kwa sauti ya kubana, kwa kuwa Mwalimu alisoma kwamba huko wanaume wazima huimba sauti hizo za juu. Akapanda. Nimewahi kusikia birika likichemka kwa heshima zaidi.

Kwa vile nguo ndiyo kazi yangu, nilitumwa mimi kutafuta mtu wa kushona zile kanzu. Fikiria dharau hiyo: unafukuzwa kwenye kwaya, halafu unaambiwa uwashonee waliobaki. Nilikwenda kwa kuwa nilikuwa bado nadhani ni wazimu wa kupita. Mwenye karakana, laoban wangu wa siku zote, aliitazama picha kwenye simu, akaivuta kubwa, akaipunguza, akaniuliza kama ni za sherehe ya watoto. Nikamwambia ni za wazee. Zilipokuja, kila kola ilikuwa na nyuzi za kumetameta pembeni. Hatukuagiza kumetameta. Laoban aliziongeza kwa moyo mwema kabisa, kwa sababu miaka yote wateja wa Afrika wamekuwa wakimwomba kumetameta. Na kwa kuwa karakana haishoni chini ya idadi yake, tukapata kola za kutosha kuvisha kwaya tano. Mpaka leo kuna mtu Sanyuanli anafungia nazo vikombe vya kioo.

Kasheshe ilikuwa wavulana. Wafanyabiashara wengi wameacha watoto kwa bibi zao. Huku mtoto wa kiume wa umri ule ni wa kutafuta. Wakapatikana watano, mmoja wao sauti inavunjika, anaanza neno akiwa mtoto na kulimaliza akiwa mjomba. Mmoja alikuwa mtoto wa mama mmoja wa Nairobi. Alivishwa kola siku ya kwanza, akamwambia Mwalimu mbele ya mzee wa kanisa, "Buda, hii kitu inaniwasha shingo." Hakukuwa na neno la kweli kuliko hilo katika mradi mzima.

Sasa, kwa asiyejua mambo ya kwaya zetu: kwetu hurekodiwa sauti kwanza, na video hupigwa siku nyingine. Kwenye video sauti iliyorekodiwa inachezwa kwa spika, na waimbaji wanafungua midomo juu yake. Kila mtu nyumbani anajua, na hakuna anayeuita uongo, kwa sababu midomo na sauti ni vya watu walewale.

Sauti tulirekodia kwenye ngazi za dharura za jengo lenye ofisi ya mzee wa kanisa. Ghalani marobota yalikuwa yanameza mwangwi, na Mwalimu alitaka mwangwi wa mawe. Sisi wanawake tulikuwa juu na thermosi za chai. Wavulana wakaimba. Waliimba vibaya, masikini, si kosa lao. Walichoka, wakachekana, yule wa kuvunjika akavunjika. Mlinzi wa jengo alipanda kutazama nani anaumia. Fundi wa kurekodi, Mkongo mmoja mpole aliyekuwa amekodiwa kwa siku hiyo tu, akavua vidude vya masikioni.

"Papa, hii batoto haiko tayari. Leta bamama baimbe, tumalize. C'est tout."

Mwalimu akatutazama pale juu kama mtu aliyekumbuka ana mwavuli.

"Dada zangu, tusaidieni sauti ya kuongoza. Kidogo tu, watoto waifuate."

"Na kwenye video?" nikauliza.

Nilimweleza habari za mama yangu, palepale kwenye ngazi, mbele ya wote, na yule katibu na maneno yake. Sikuona haya. Mzee wa kanisa alitazama viatu vyake. Mwalimu aliniwekea mkono begani.

"Kwenye video mtasimama mstari wa nyuma, na sare zenu. Mama ataona na atafurahi. Naahidi mbele za Bwana."

Basi tukaweka thermosi chini tukaimba, mimi, muuza viatu na wenzetu wawili. Zile ngazi zilituitikia ghorofa hadi ghorofa. Niliipandisha noti ya mwisho nikaivuta kama nilivyozoea, nikasubiri kugombezwa, na Mwalimu hakugomba. Alikuwa amefumba macho.

Video ilipigwa mtaa wa Liuhua, kwenye bustani ya ziwa, penye ngazi za mawe. Tulikuja tumevaa vitenge, tumesuka. Nilikuwa nimesuka kwa ajili ya Njombe. Mwalimu akatukabidhi maboksi bapa yaliyofunikwa karatasi ya kung'aa.

"Elekezeni mwanga kwa watoto. Kidogo tu. Ukikaa vizuri mnapanda."

Mwanga haukukaa vizuri. Wimbo ulichezwa ukarudiwa, wavulana wanafungua midomo na kola zinametameta, wazee wa Kichina waliokuwa kwenye mazoezi yao ya viungo wakaacha mazoezi kuja kupiga picha, na kila nilipopiga hatua kwenda kwenye ngazi Mwalimu alininyooshea kiganja. Mwishowe mtunza bustani akaja kutufukuza. Nikamkumbusha Mwalimu ahadi yake. Akasema tungeharibu mpangilio, rangi za vitenge zinapigana na nyekundu. Alikuwa anakunja waya za spika, hata hakunitazama. Nilisikia hasira mpaka kwenye meno.

Albamu ilipotoka, sikuituma nyumbani. Kulikuwa na nini cha kutuma? Jina la kwaya, jina la Mwalimu, wanaume na wavulana. Ile sauti ya kuongoza ilikuwa imeachwa vilevile ilivyo, na ya watoto ndiyo iliyofutwa. Salamu za pongezi zikamiminika kwenye kundi letu la simu: sauti za malaika, wavulana wamebarikiwa, Mwalimu umetuvusha. Naye anajibu kila moja kwa unyenyekevu, "Ni Bwana tu." Bwana alikuwa hajui kitu. Ni sisi tuliokuwa na thermosi.

Lakini Guangzhou ina watu wa Njombe wengine, na mmoja akaituma moja kwa moja kwenye kundi la usharika wa mama. Nilipojua, nilimpigia mama, hakupokea. Siku ya pili hakupokea. Nilikuwa nazunguka masoko ya Liuhua kutafuta magauni ya watoto, napapasa vitambaa na sivioni. Nilijua kinachoendelea. Katibu ameiona. Amehesabu nyuso zote na uso wangu haumo, na sasa ana ushahidi.

Katikati ya wiki hiyo Mwalimu akanikuta kwenye duka la jumla, nimeinama juu ya kifurushi. Amevimba, ameng'ara. Wamealikwa kuimba kwenye sherehe ya wanafunzi, akasema, na watahitaji rekodi nyingine tatu. "Kwa hiyo dada, ile sauti ya kuongoza..."

Katika masoko haya kuna neno ambalo muuzaji anakupa akiwa hana unachotaka au hataki tu kukuuzia. Analisema bila kuinua macho kwenye simu yake, na hata ukisimama hapo mpaka jioni halibadiliki. Nimeambiwa neno hilo miaka mingi na lilikuwa halijawahi kunifaa.

"Meiyou," nikamwambia, na nikaendelea kuhesabu magauni.

Mama alipiga Jumapili, ibada ya kwao ilipokwisha. Nikaanza kujieleza haraka haraka, mambo ya ngazi, ya kola, ya maboksi. Akanikatisha.

"Ngoja kwanza. Katibu aliicheza ile video kwenye kikao cha umoja. Akaipitisha simu yake mkono kwa mkono. Ananiuliza, mama, mbona binti yako hatumwoni? Tuonyeshe yuko wapi. Wote wananitazama."

"Mama, nisamehe."

"Nyamaza, nakusimulia. Nikaipokea ile simu. Nikatazama kile kitoto chenye karatasi shingoni kinafungua mdomo, na inatoka ile noti, unaivuta. Mimi siijui noti yangu? Nikaigeuza simu kifudifudi mezani, nikaongeza sauti. Nikawaambia, acheni kutazama, sikilizeni."

"Wakasemaje?"

"Walisikiliza mpaka mwisho. Ilipoisha, katibu ndiye aliyeuliza, na machozi yanamlenga, anayeimba hivi ni nani?" Mama akavuta pumzi. "Nikamwambia, ni huyo mnayemsema."