Nyuma ya Picha

Mtunza nyaraka hupangusa vidole kwenye koti lake la kazi kabla ya kugusa chochote, hata viti alivyoagizwa kuvipanga kwa ajili ya kongamano la wanahistoria. Penseli haimtoki sikioni. Magoti yanamuuma, ameegemea mlango huku mtafiti akionyesha picha ya wanawake wanne wakifua, ndiyo iliyopamba jalada la kitabu chake kipya. "Majina yao, kwa bahati mbaya, hayajulikani." Wa pili kutoka kushoto ni bibi yake mtunza nyaraka, mzaa mama. Makofi yanapokwisha, anamsogelea.

"Mwanangu, ile picha uliigeuza?"

"Hapana, mama. Nilinakili upande wa mbele tu."

"Majina niliyaandika nyuma, yote manne."

"Lo, mama. Na kitabu kimeshachapwa."

"Haya, nipe hiyo nakala ya maktaba yetu," anasema. Anapangusa vidole, kisha anachomoa penseli.